Mapango ya Wahenga: Kutoka Hebroni hadi Vilima vya Taita

Kitabu cha Mwanzo kinaeleza jinsi Abrahamu alivyonunua pango la Makpela, Hebroni, kwa shekeli 400 za fedha ili amzike mkewe, Sara. Baadaye naye akazikwa humo, kisha Isaka, Rebeka, Lea na Yakobo. Mfalme Herode alilizungushia eneo hilo ukuta wa mawe makubwa ambao ungali umesimama. Wayahudi na Waislamu huswali hapo hadi leo, kwani wote humwita Abrahamu baba yao.

Wataita wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana uzito wa pango kama hilo.

Katika vilima vinavyotazama mji wa Voi, kila ukoo ulikuwa na pango lake. Mtu alizikwa kwanza. Baada ya muda kaburi lilifukuliwa, fuvu likatolewa na kupangwa kwa heshima mwambani pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Mvua ilipokosekana au maradhi yalipozidi, wazee walikwenda huko kuomba na kutambika.

Mwaka 1883 mmisionari J. A. Wray alifungua kituo cha Kanisa la Anglikana huko Sagalla, katika vilima hivyo. Wakatoliki wakafuata Bura mwaka 1892. Ukristo ulipoenea, maiti wakaachwa makaburini, lakini mafuvu ya kale yangalipo katika baadhi ya mapango.

Anayetaka kuyazuru mapango hayo aombe kwanza ruhusa ya wazee, na asiguse fuvu lolote. Hapo ni makaburini kwa watu.