Je, Wajua? Meno Machache Hupasua Vizuri Zaidi

Anayenunua mkanda mpya wa msumeno wa mashine kwa karakana ya nyumbani huvutiwa na ule wenye meno mengi, akidhani wingi wa meno ndio ukali. Kwa mbao nene ni kinyume chake. Kila jino hubeba unga wa mbao katika kibonde kilicho mbele yake mpaka litokee upande wa pili. Chukua kipande cha mninga chenye unene wa inchi 6: mkanda wa meno 14 kwa inchi huzamisha meno 84 kwa pamoja, na vibonde vyake vidogo hujaa kabla ya kutoka. Unga ukikosa pa kwenda, mkanda hupata moto, mbao huungua na mstari hupinda, hata mkanda ukiwa mpya kabisa. Mkanda wa meno 3 kwa inchi huzamisha 18 tu, na kila moja lina nafasi yake.

Wapo watakaosema meno machache huacha mikwaruzo. Ni kweli, lakini mbao iliyopasuliwa itapigwa randa vyovyote vile, na mstari uliopinda hula mbao nyingi kuliko mikwaruzo. Hoja nzito zaidi ni ya plaiwudi ya robo inchi. Hapo mkanda wa meno 3 hauna hata jino moja kamili ndani ya mbao, hivyo hunasa na kurarua. Wa meno 14 una matatu na nusu. Ndiyo maana mafundi hulenga meno yasiyopungua 3 wala kuzidi 24 ndani ya mbao kwa wakati mmoja. Upana ni shauri jingine: mwembamba kwa mapindo, mpana kwa mstari ulionyooka.