Nyota ya Asubuhi na Vyombo Vitatu

Miezi mingine, tukienda kanisani alfajiri, twaona upande wa mashariki nyota moja inayozipita zote kwa kung'aa. Miezi mingine yaonekana magharibi, jua likiisha kuchwa. Katika Litania twamwita Bikira Maria kwa jina lake: Nyota ya Asubuhi. Lakini kwa kweli si nyota. Haina nuru yake yenyewe, yarudisha tu nuru ya jua. Ni sayari, yaani dunia nyingine izungukayo jua kama hii yetu. Kwa Kilatini yaitwa Venus, kwa Kiswahili Zuhura.

Wenye elimu wa Marekani na wa Ulaya wamekusudia kupeleka huko vyombo vitatu pasipo mtu ndani. Pengine mtu atauliza: Kuna faida gani kutumia mali nyingi kwa mahali ambapo mtu hawezi kukaa hata dakika moja? Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu.

Kwanza tujue Zuhura ni nini. Hakuna sayari nyingine ifikayo karibu nasi kama hiyo. Upana wake ni kilometri 12,104. Wa dunia yetu, tukipima penye ikweta, ni 12,756. Zote mbili ni za mawe. Mtu angedhani kwamba ni mapacha. Lakini huko joto ni kama digri 465, hata risasi ingeyeyuka. Hewa yake, karibu yote, ni gazi kaboniki, ile tunayoitoa tukipumua, ile itokayo katika moto wa kuni na wa petroli. Nayo ni nzito mno: yakandamiza mara 90 kuliko hewa yetu. Juu yake kuna mawingu ya asidi kali yafunikayo sayari nzima.

Tusiseme kwamba joto hilo latokana tu na kuwa karibu na jua. Sayari ya Utaridi iko karibu na jua zaidi, walakini Zuhura yaishinda kwa joto. Sababu ni ile gazi kaboniki. Yapitisha nuru ya jua mpaka chini, lakini yazuia joto lisitoke, kama blanketi imzuiliavyo mtu joto la mwili wake.

Wengine wametangulia kwenda. Tarehe 15 Desemba 1970 chombo cha Warusi, Venera 7, kilitua huko na kutuma habari. Venera 13, mwaka 1982, ilidumu dakika 127, kisha ikanyamaza. Tangu mwaka 1990 mpaka 1994 chombo cha Wamarekani, Magellan, kiliizunguka sayari na kuichora kwa radari. Radari yafanya kama popo gizani: popo hupeleka sauti na kusikiliza mwangwi wake, na hivyo ajua ukuta uko wapi. Vile vile mawimbi ya radio hupenya mawingu, hugonga ardhi, hurudi, na mashini huchora milima isiyoonekana kwa macho.

Sasa tutazame hivyo vyombo vitatu. Cha kwanza chaitwa VERITAS, neno la Kilatini ambalo kila mseminari alijua. Kitachora ardhi yote kwa radari bora kuliko ile ya Magellan. Tena kitalinganisha picha za mahali pamoja zilizopigwa siku mbalimbali, kipate kujua kama ardhi imevimba au imeshuka, hata kwa sentimita chache tu.

Kazi hiyo yatuhusu. Mwaka 2023 wenye elimu wawili walizichunguza tena picha za Magellan za mwaka 1991, wakaona kwamba tundu moja la volkano, karibu na mlima Maat Mons, lilikuwa limebadilika umbo na kupanuka kwa muda wa miezi minane. Basi, Zuhura haikufa. Ingali na moto tumboni. Ndugu zetu wa Goma wajua maana ya jambo hilo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, na watu wakakimbia usiku na watoto mgongoni. Namna ileile ya kulinganisha picha za radari imekwisha kutumiwa na satelliti kupima ardhi ya Goma. Elimu ya volkano ni moja, huko na huku.

Chombo cha pili, DAVINCI, kitaangusha ndani ya hewa ya Zuhura chombo kidogo cha mviringo, cha chuma kiitwacho titani. Kitashuka muda wa saa moja hivi, kikionja hewa na kupiga picha. Kitauliza neno moja kubwa: je, zamani Zuhura ilikuwa na bahari? Dalili ipo. Katika maji mna idrojeni, nyingi nyepesi, kidogo nzito. Mwanamke akipepeta mchele, makapi huruka na punje hubaki katika ungo. Vile vile idrojeni nyepesi ilipotelea angani, nzito ikabaki. Mwaka 1978 chombo cha Wamarekani kilikuta kwamba huko sehemu ya ile nzito yapita ya kwetu zaidi ya mara 100. Kwa hiyo maji mengi yamepotea. Yalikuwa bahari, ama mvuke tu? Hilo ndilo la kupimwa.

Cha tatu, EnVision, ni cha Ulaya. Kilikubaliwa kabisa Januari 2024, nacho chatazamiwa kuondoka mwaka 2031. Radari yake moja itapenya hata chini ya ardhi. Vile viwili vya Marekani havikupata njia nyepesi: mwaka 2025 serikali yao ilipendekeza kuvinyima fedha.

Basi, turudie swali letu. Dunia mbili ziliumbwa karibu karibu, kwa vitu vya namna moja. Moja ina maji, miti na watoto. Ya pili ni tanuru. Sisi tukaao penye uhai twauona kuwa jambo la kawaida tu. Zuhura yatuonyesha kwamba si jambo la kawaida.

Tusiwatishe waamini kwa kusema kwamba kesho dunia yetu itakuwa kama Zuhura. Wenye elimu hawasemi hivyo. Lakini gazi ipashayo joto huko ndiyo inayoongezeka hewani mwetu, na misitu yetu ya Kongo yasaidia kuipunguza. Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha hayo mwaka 2015 katika barua yake Laudato si'.

Nanyi, ndugu waseminari, kesho mtakuwa mapadri, na wengine watapewa parokia chini ya volkano. Watu watawauliza kwa nini mlima unatoa moto, na kama Mungu amewakasirikia. Siku hiyo haitoshi kuwa na moyo mwema, yafaa kujua. Someni basi elimu ya viumbe pasipo hofu. Anayetafuta ukweli katika viumbe hawezi kumkosea Aliyeviumba.