Mtoto, Mbweha na Sauti ya Fanani: Mafunzo ya Sera ya Lugha kutokana na Mchezo wa Video wa Never Alone

Utangulizi

Mijadala kuhusu lugha na teknolojia katika ukanda wetu imejikita zaidi katika uundaji wa istilahi na tafsiri ya programu. Ni nadra kuulizwa swali la awali: kazi ya kidijitali inapozaliwa, huzaliwa ikizungumza lugha ya nani? Makala haya yanafafanua mchezo wa video wa Never Alone, uliotolewa Novemba 2014 kutokana na masimulizi ya Wainupiati wa Alaska, Marekani, ili kuonesha jinsi jamii yenye wazungumzaji wachache ilivyolijibu swali hilo.

Mchezo na kanuni zake

Kwa Kiinupiaki mchezo huu huitwa Kisima Ingitchuna, yaani "Siko peke yangu". Msomaji wetu asidhani kuwa panatajwa kisima cha maji. Msichana aitwaye Nuna anaondoka kijijini kutafuta chanzo cha dhoruba ya theluji isiyokoma. Njiani anafukuzwa na dubu mweupe, akaokolewa na mbweha mweupe, na tangu hapo wawili hao huandamana. Nuna husukuma vitu vizito na kuvunja barafu. Mbweha hupanda kuta na kuwadhihirisha roho wasaidizi, ambao huwa ngazi ya kukanyagia. Watu wawili wanaweza kucheza pamoja, kila mmoja na mhusika wake. Mhusika mmoja akiangamia, wote wawili hurudishwa nyuma. Kwa hiyo, kutegemeana kwa binadamu na mnyama si dhamira inayotajwa kwa maneno tu, bali ni kanuni ambayo mchezaji hawezi kuikwepa. Kati ya hatua na hatua, hadithi huendelezwa kwa picha zinazoiga sanaa ya jadi ya kuchora kwa kukwaruza pembe.

Fanani na ridhaa

Chimbuko la mchezo ni ngano ya Kunuuksaayuka, kama ilivyotambwa na fanani Robert Nasruk Cleveland. Waundaji hawakuichukulia kuwa mali isiyo na mwenyewe. Walimwendea binti yake, Minnie Gray, kuomba ridhaa. Mhusika mkuu, ambaye katika ngano ni mvulana, akafanywa msichana. Mwanafasihi simulizi hatashangazwa na badiliko hilo, kwani kila utambaji huihuisha ngano upya. Lililo muhimu ni kwamba badiliko lilifanywa kwa ushirikiano na wenye ngano.

Umiliki nao ulizingatiwa. Cook Inlet Tribal Council, shirika la huduma kwa wenyeji lililoko Anchorage, lilianzisha kampuni ya Upper One Games, iliyofanya kazi na E-Line Media. Nia mojawapo ilikuwa kujipatia kipato badala ya kutegemea ruzuku.

Nafasi ya lugha

Msimulizi wa mchezo, mzee James Nageak, husimulia kwa Kiinupiaki, na tafsiri huandikwa chini ya skrini. Hapa mpangilio uliozoeleka umepinduliwa: lugha ya wachache ndiyo sauti, na Kiingereza ni tafsiri. Aidha, mchezaji hufunguliwa hatua kwa hatua filamu fupi 24 ambamo Wainupiati wenyewe wanaeleza maisha yao. Mwaka 2015 mchezo ulipata tuzo ya BAFTA ya kazi ya kwanza.

Katika mwaka huohuo wa 2014, sheria ya Alaska iliziingiza lugha 20 za wenyeji katika orodha ya lugha rasmi za jimbo. Sheria ilitoa hadhi. Mchezo ulitoa uwanja wa matumizi. Hata hivyo, tusizidishe sifa. Mchezaji anaweza kuumaliza mchezo bila kutamka neno lolote la Kiinupiaki. Kusikika kwa lugha si sawa na kurithishwa kwake. Kazi hiyo bado ni ya nyumbani na shuleni.

Mafunzo na hitimisho

Kiswahili hakiko katika hali ya Kiinupiaki: kina mamilioni ya wazungumzaji, na tangu 2021 UNESCO imeitambua tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Lakini pembeni mwa Kiswahili zipo lugha ndogo zenye ngano na mafanani wake, na kwazo Kiswahili chaweza kuwa kile ambacho Kiingereza ni kwa Kiinupiaki. Tunapendekeza kwamba ufadhili wa kazi za kidijitali zitokanazo na fasihi simulizi uambatane na ridhaa ya maandishi ya fanani au warithi wake, pamoja na mgawo wa mapato kwa jamii husika. Pia, sauti ya kazi iwe katika lugha ya ngano, na Kiswahili kitumike kama tafsiri inayoifikisha kwa majirani. Kwa njia hiyo Kiswahili kitakuwa daraja, na lugha jirani hazitabaki peke yake.