Biashara ya Kilosa na Mikumi: Somo kwa Wenye Karafuu



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona katika gazeti letu habari za Kilosa na Mikumi, miji ya bara katika mkoa wa Morogoro, mbali na bahari na mbali na mikarafuu yetu. Lakini wazee walisema: mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Yaliyoifika biashara ya huko yanafanana sana na yanayotufika sisi visiwani, ila kwa jina jingine. Twaona yafaa tuyaeleze moja moja.

Biashara ya nchi za nje

Kilosa ilipata sifa kwa katani. Miche ya zao hili ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani, Dokta Richard Hindorf, kutoka Florida, Marekani, na katika miche elfu moja ilisalimika 62 tu. Kutokana na hiyo yalienea mashamba makubwa, na ya Kimamba na Rudewa, upande wa Kilosa, yakawa miongoni mwake. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa kiasi cha tani 230,000, na hapakuwa na nchi iliyoishinda.

Kisha ikaja kamba ya plastiki. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia nyasi zao kwa kamba ya katani, wakaifuata iliyo rahisi. Bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakatiwa mikononi mwa Serikali, na uendeshaji ukalegea. Ilipofika miaka ya 1990, mavuno ya mwaka mzima hayakufika tani 40,000. Angalieni vizuri: mkonge wenyewe haukuugua. Lililougua ni soko.

Je, sisi hatukuyaona hayo? Katika miaka ya 1970 mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, akitia karafuu katika sigara zake. Akapanda mikarafuu yake mwenyewe hata ikamtosha, na bei yetu ikaporomoka. Na kabla ya hapo, mwaka 1937, sheria ilipokipa chama cha wakulima wa karafuu cha wakati ule haki ya pekee ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma na India ikaisusia karafuu ya Unguja na Pemba, mpaka yakapatikana makubaliano mwaka 1938. Mwenye mnunuzi mmoja hana pa kukimbilia.

Njia za kupitisha mali

Kilosa ipo juu ya Reli ya Kati, na hiyo ni neema. Lakini reli hiyo huandamana na mto Mkondoa. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mto ulifurika, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika. Shehena za bara hazikuwa na njia ila barabara, na nauli ya lori si nauli ya gari la moshi. Tofauti hiyo hulipwa na mkulima na mnunuzi wa mwisho.

Kutoka Kilosa lilijengwa tawi la reli lipitalo Mikumi mpaka Kidatu, na hapo likakutana na reli ya TAZARA. Lakini upana wa reli ya zamani ni milimita 1,000, na wa TAZARA ni 1,067. Tofauti ni kama vidole vinne vya mkono. Kwa vidole vinne hivyo behewa haliwezi kupita, bali mzigo hauna budi kushushwa na kupakiwa upya, na kila mkono uugusao hutaka ujira wake.

Jumla na rejareja

Mwaka 1976 Serikali ilianzisha Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, na ya ushirika yachukue nafasi yake. Nia ilikuwa kumlinda mnyonge. Lakini duka ni mali iliyomo ndani, na mali haikuwepo. Watu walipanga foleni kwa sabuni na sukari, na ulanguzi ukashamiri, hata milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984.

Leo maduka yamejaa, lakini mkulima hajasalimika. Mnunuzi wa jumla huja na gunia lililoshonewa kilemba juu, liitwalo lumbesa, akalipia gunia moja na kuchukua zaidi ya gunia. Sheria ya vipimo imekataza. Lakini mkulima aliye peke yake, na mazao yake yanaoza, hushindwa kukataa.

Yatupasayo

Kwanza, tusichanganye karafuu na makonyo wala tusiuze mbichi. Jina la karafuu yetu likichafuka, haliwezi kusafishwa kwa msimu mmoja. Makonyo yana soko lake: hutolewa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Pemba.

Pili, kila mwanachama asimamie mzani mwenyewe na atunze stakabadhi yake. Lumbesa haianzi kwenye gunia, huanza pale mwenye mali anapogeuza uso.

Tatu, tusiung'oe mkarafuu, lakini tusiuache peke yake. Chini yake na kandoni mwake panafaa mdalasini, pilipili manga na hiliki.

Wa Kilosa hawakuwa wavivu. Walilima na wakavuna, na soko likawageuka. Tuyazungumze haya katika mikutano ya matawi kabla msimu haujaingia.

Katibu