Kile cha Nyoka Kimerudi?

Alizeti zikishavunwa, mashine za kukamua mafuta hapa Chemba hunguruma tangu asubuhi hadi jua linazama. Ukipeleka gunia lako unapangiwa zamu, na zamu ikichelewa unatafuta kivuli. Hapo kivulini, katikati ya magunia na madumu, ndipo vitabu vyangu vinapopita kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mwezi uliopita mama mmoja alinifuata akiwa na dumu tupu la lita 20.

"Shikamoo mwalimu. Kile cha nyoka kimerudi?"

"Marahaba mama. Bado, kiko Kwa Mtoro."

"Basi kikirudi mimi ndiye wa kwanza. Usimpe mtu mwingine."

Kile cha nyoka ni *Gamba la Nyoka*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1979. Nakala yangu imepoteza jalada zamani. Nimeivalisha karatasi ya kaki na kuishona mgongoni kwa sindano ya magunia, kwa sababu gundi haikuhimili. Kona za kurasa zimeingia mafuta ya alizeti hadi zinapitisha mwanga. Mwishoni nimebandika karatasi ya daftari, na kila anayesoma huandika maoni yake kabla ya kunirudishia. Sharti ni moja: haruhusiwi kuandika "kizuri" wala "kibaya". Aandike alipochoka, alipokasirika, au alipolazimika kumwamsha mwenzake amsomee.

Karatasi hiyo imejaa pande zote mbili. Kijana mmoja kaandika kwamba kurasa za mwanzo zilimchosha, ila alipofika pa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa hakulala. Mzee mmoja, ambaye hajui kuandika vizuri na alimtumia mjukuu wake, kasema kuwa mwandishi kasema kweli lakini hakusema kiu. Nilikaa na neno hilo siku nzima. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani, maji yamemzunguka pande zote. Huku kwetu nyanda kame, mtu aliyehamishwa kwenda kijiji cha ujamaa alianza kwa kuuliza kisima kiko wapi. Mkoa wa Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuonja operesheni hizo, mwaka 1971, miaka miwili kabla ya agizo la mwaka 1973 la nchi nzima kuhamia vijijini. Mzee yule alikisoma kitabu kama shahidi anayesikiliza ushahidi wa shahidi mwenzake. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi na sijawahi kusahihisha jibu la mtihani lililonifunza kiasi hicho.

Na hapo ndipo penye uchungu wangu. Sisi walimu tuliwafundisha watoto kusoma vitabu kwa fani na maudhui. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutajia dhamira tano za *Watoto wa Mama Ntilie*, akupangie wahusika wakuu na wadogo, akueleze matumizi ya lugha. Muulize, "Wewe mwenyewe ulikipenda?" atakutazama kama umemuuliza swali lisilokuwemo kwenye silabasi. Akitoka chumba cha mtihani, kitabu amekimaliza kwa maana zote mbili. Emmanuel Mbogo aliandika habari za Peter na Zita, watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na wapo watoto hapa wilayani ambao kisa hicho wanakifahamu kwa miguu yao wenyewe. Lakini hawajawahi kuambiwa kwamba wanaruhusiwa kusema hivyo.

Kwa hiyo nami niseme niliyoyasoma msimu huu, kwa sharti lile lile ninalowawekea wenzangu.

*Rosa Mistika* nimeirudia baada ya miaka mingi. Ni riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni kwa madai kwamba inaharibu vijana. Nilipoisoma nikiwa kijana nilimwangalia Rosa tu. Safari hii, mimi sasa ni baba wa mabinti, sikuweza kumwondolea macho Zakaria, baba yake, mlevi na mkali, anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua bila kufundishwa kusema na mwanamume yeyote, kisha anatupwa katika dunia iliyojaa wanaume. Nilichoka mahali mwandishi anapoingia mwenyewe kutuhutubia. Kisa kilikuwa kimeshasema. Hata hivyo nakipendekeza, na ninawapa wazazi kabla ya watoto. Akina baba wawili wamekirudisha kimya kimya bila kuandika neno kwenye karatasi ya nyuma. Sikuwalazimisha.

*Peponi* nimekisoma mara mbili mfululizo. Ndicho *Paradise* cha Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe alikitoa mwaka 1994, nacho kikaletwa katika Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, naye anadhani anakwenda kumtembelea mjomba. Baadaye anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara, wakati Wajerumani wanaanza kuishika nchi. Kiswahili cha tafsiri hii kina harufu ya pwani, na ukikisoma kwa sauti kinateleza.

Lakini niseme palipoumiza. Msafara unapoingia bara, watu wa bara wanaitwa washenzi, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Ndivyo wafanyabiashara wale walivyosema, sina ugomvi na ukweli huo. Ila mimi ninayesoma niko bara. Misafara ya pwani ilipita nyanda hizi na kuweka kituo Kondoa, jirani yetu wa kaskazini. Dini, nguo na maneno mengi ya Kiswahili vilitufikia kwa njia hizo hizo. Katika kusoma nilijikuta nimesimama pembeni ya njia pamoja na wale wanaotazama mizigo ikipita, nikisubiri mmoja wao afungue mdomo aseme jambo refu. Hakusema vya kutosha. Kisomeni, kisha mniambie kama nimekosea. Ningependa hasa kusikia maoni ya Msandawe, maana nadhani atasoma safari ile kwa jicho ambalo mimi Mrangi sina.

*Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert, kilichotoka baada ya kifo chake cha mwaka 1962, ni cha mtu aliyeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Kwa mkulima wa hapa, aliyeona ulezi ukinyauka mwezi Februari, shamba la Utubora ni laini mno. Kiswahili chake, hata hivyo, ni cha kunywa taratibu. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi haihitaji msukumo wangu: mpe mtu kurasa kumi za Yasmin na Denge, na hutakiona kitabu chako kwa mwezi mzima.

Kosa langu kubwa la msimu huu lilikuwa *Nagona*, cha Kezilahabi huyo huyo. Kijana mmoja wa bodaboda, msomaji mwepesi, alimaliza *Vuta N'kuvute* kwa siku nne akaomba kingine. Nikampa *Nagona* kwa sababu ni chembamba na mimi ninakithamini. Ni chembamba, lakini si chepesi: hakuna kisa cha kushika mkononi, ni ndoto na falsafa na njia zinazojizungusha. Alikirudisha baada ya wiki mbili akasema, "Mwalimu, nadhani akili yangu haitoshi." Akili yake inatosha kabisa. Mimi ndiye niliyetazama kitabu bila kumtazama mtu. Miezi mitatu hakuchukua kitabu chochote. Nimempata tena juzi kwa *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, mchezo wa Edwin Semzaba, kile cha karani wa sensa anayeingia kijijini na kuiacha kazi kwa ajili ya binti. Alisoma akiwa amekaa juu ya pikipiki akisubiri abiria, na alipofika pale karatasi za sensa zinapochomwa moto alipiga kelele, wenzake wakaja kuuliza kuna nini. Ikabidi awasomee.

Kusomeana si jambo geni kwetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo karibu watu milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi mwa anayejua kusoma. Kipindi kikiisha walijadili: lipi linawezekana kwetu, lipi haliwezekani, choo tuchimbe wapi. Wazee wa hapa bado wanalikumbuka jina la kampeni. Wale walikuwa wasomaji wapya, wengine hawakuwa wasomaji kabisa, na bado walikuwa na maoni juu ya maandishi na watu waliwasikiliza.

Tunachokosa sasa ni mazungumzo, na vitabu vyenyewe. Duka linalouza riwaya sijaliona Chemba. Anayekwenda Dodoma mjini namtuma, kondakta ananishushia bahasha barabarani. Ndiyo maana neno la aliyesoma lina uzito huku: shilingi elfu kumi na tano ya kitabu inatoka kwenye pesa ya mbegu, na mtu akikusifia kitabu asichokisoma amekula mbegu zako.

Kipo kimoja ninachokitafuta bado. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma hapa hapa, yule wa *Ngonjera za Ukuta*, aliandika *Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili*. Alifariki mwaka 1969. Jina la kitabu nimewatajia warina asali wa upande wa Farkwa, watu wanaopanda miti mirefu usiku na moto mkononi, na kila wakija mnadani wananiuliza kama nimekipata. Nakala sina. Mwenye nayo, hata ikiwa imechakaa na kukosa jalada, naomba aikabidhi kwa kondakta wa basi lolote la Kondoa, aandike juu yake "Mwalimu wa vitabu, Chemba". Sindano ya magunia ninayo, na karatasi ya maoni nimeshaikata.