Kirusi Kinachomziba Mlinzi Mdomo

Zamani mtoto wa delta ya Rufiji alijua mtumbwi kabla ya kumjua ng'ombe. Wandengereko na Wanyagatwa walilima mpunga, wakavua kamba, wakakata boriti mikokoni. Ng'ombe hawakuwa na nafasi huko, mbung'o aliwamaliza. Kisha mwaka 2006 serikali ikawaondoa wafugaji bonde la Usangu, kule Mbarali, na makundi ya Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai yakaswagwa kuelekea pwani na kusini. Mengi yakaishia Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo.

Basi delta ikapata ng'ombe. Mbu ilikuwa nao tangu enzi, na mafuriko pia. Vitatu hivyo vikikutana, wanangu, hadithi yetu inaanza.

Wako mbu wa jamii ya Aedes wasiotaga majini. Hutaga kwenye udongo wenye unyevu, kandokando ya vidimbwi. Udongo hukauka, mayai yakabaki humo hata miaka, yakingoja maji. Yakija mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mayai huanguliwa kwa pamoja. Miaka ya 1980 watafiti nchini Kenya walichukua viluwiluwi vya mbu hao, wakavikuza, na katika mbu waliotoka wakakuta kirusi cha homa ya Bonde la Ufa. Mbu hao hawakuwa wameuma mnyama yeyote. Walirithi kwa mama.

Sasa tumfuate ndama mmoja aliyeumwa na mbu wa namna hiyo. Pamoja na mate ya mbu, virusi vimeingia chini ya ngozi. Hapo wapo walinzi. Seli ziitwazo makrofaji humeza kila mgeni na kumsaga. Nyingine, zenye matawi, hunyakua kipande cha mgeni na kukipeleka kwenye tezi ya limfu, ambako jeshi zima la mwili huarifiwa. Moja ya tezi hizo ipo mbele ya bega. Mchungaji hodari huipapasa kwa vidole, akiikuta imevimba anajua mnyama ana jambo.

Mlinzi huyu hufanya kama sungusungu wa Usukumani: akimwona mwizi, hupiga yowe kabla hajainua fimbo. Yowe la seli ni kemikali iitwayo interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Seli jirani zikilipata hujiweka tayari, kirusi kikiingia kisipate nafasi ya kuzaliana.

Hapo ndipo ujanja ulipo, na mimi nakiri kirusi hiki kimenizidi akili. Makrofaji anakimeza, nacho hakisagiki. Kinachomoka na kuanza kujinakili humohumo tumboni mwa mlinzi. Kisha kinatengeneza protini iitwayo NSs, inayoingia kwenye kiini cha seli na kujipanga nyuzinyuzi, ikazuia jeni ya interferoni isisomwe. Jeni ipo, hatari ipo, yowe halitoki! Mlinzi anakufa kimya huku akimwaga virusi vipya. Na ile seli yenye matawi iliyokimbilia tezini kutoa taarifa, mara nyingine imembeba adui mwenyewe.

Kutoka tezini kirusi hushika damu na kufika kwenye ini, ambalo huharibika vibaya. Chembe nyeupe za damu hupungua. Ndama hupandwa na joto hadi nyuzi 40 au 41, huacha kunyonya, na wengi hufa. Ng'ombe wakubwa wengi hupona, ila wenye mimba huzitupa.

Mtauliza, tumejuaje kwamba kosa ni la NSs? Kuna aina ya kirusi hiki iitwayo Clone 13, iliyopungukiwa sehemu kubwa ya protini hiyo. Panya wa maabara waliochomwa kirusi kamili walikufa. Waliochomwa Clone 13 waliishi. Lakini panya waliozaliwa bila uwezo wa kupokea interferoni walikufa hata kwa Clone 13. Ushahidi gani tena unatakiwa? Clone 13 yenyewe ikaja kuwa chanjo ya mifugo huko Afrika Kusini. Chanjo ya zamani zaidi, iitwayo Smithburn, asili yake ni hapa jirani: mbu waliokamatwa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944.

Ng'ombe mkubwa huponea wapi? Kwenye limfosaiti B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Hizi huchelewa siku kadhaa, lakini zikishaamka humwaga kingamwili zinazokishika kirusi damuni, na kumbukumbu yake hudumu miaka. Watafiti waliopima mifugo bonde la Kilombero, mto ambao maji yake hushuka Rufiji, walikuta kingamwili hizo kwa wanyama waliozaliwa baada ya mlipuko mkubwa wa homa hii wa 2007. Maana yake kirusi kilikuwa kikizunguka kimyakimya, bila mlipuko, bila mtu kujua.

Sotoka, ugonjwa mwingine wa ng'ombe uletwao na kirusi, nayo ilikuwa na njia yake ya kuwashinda walinzi: ilizivamia limfosaiti zenyewe na kuzimaliza. Dunia ilitangaza kuitokomeza mwaka 2011, kwa chanjo ambayo Walter Plowright aliitengeneza Muguga, Kenya. Homa ya Bonde la Ufa haijatokomezwa, na inampata binadamu pia, kwa kuumwa na mbu na zaidi kwa kugusa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa. Kwa hiyo ng'ombe wa kwenu akitupa mimba, hasa baada ya mafuriko, msishike kilichotoka kwa mikono mitupu, msimchinje aliye mgonjwa, chemsheni maziwa, na mmwite afisa mifugo siku hiyohiyo.