Taa, Redio na Simu: Namna Gani Vinatusaidia Kumaliza Masomo



Mwaka uliopita mwenzetu mmoja, msichana aliyetushinda wavulana wote katika hesabu, aliacha kuja shuleni. Tukafikiri ameolewa. Siku moja nikashuka Kituku kuchota maji, nikamkuta sokoni, karibu na mitumbwi, anauza sambaza pamoja na mama yake. Akaniambia: "Kaka, asubuhi iko soko, jioni iko giza. Nitasoma saa ngapi?"

Swali lile lilinikaa moyoni. Wengi wetu tukisikia neno "teknolojia" tunawaza kompyuta za Ulaya. Lakini kwa mwanafunzi wa Kituku, kazi ya kwanza ya teknolojia ni kumpatia saa ya kusoma. Basi tuangalie vitu vitatu.

Kwanza ni TAA. Hapa kwetu jua linatua karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Ukitoka shuleni, ukasukuma bidoni za maji, ukasaidia kupika, mwanga umekwisha. Mwaka 2015 kituo cha umeme cha Matebe kilifunguliwa kwenye mto Rutshuru, na baadaye waya zake zikafika Goma. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha hapa mjini mitambo ya jua ya megawati 1.3. Ni maendeleo makubwa, lakini si kila nyumba iko na waya. Nyumba isiyo na waya inaweza kutumia taa ndogo ya jua: kibao kinapokea mwanga mchana, betri inautunza, usiku taa inawaka bila mafuta na bila moshi. Kibao kiwekwe juani kabisa, si nyuma ya kioo wala chini ya mti, na kipanguswe vumbi. Vumbi letu la volkano linaziba mwanga.

Pili ni REDIO. Mwezi wa tatu 2020, kwa sababu ya Korona, shule zote za nchi zilifungwa. Radio Okapi ikaanza kutangaza masomo katika kipindi cha "Okapi École". Redio haihitaji intaneti, na nyumba kumi zinaweza kusikia mwalimu mmoja. Ila redio haikungojei. Somo likipita limepita, kwa hiyo uwe na daftari na kalamu mkononi mbele ya kipindi kuanza.

Tatu ni SIMU. Hapa tunakosea sana, tunadhani simu bila mega haina faida. Kule Kenya, mwaka 2011, watu wa Eneza Education walianza kufundisha kwa ujumbe mfupi tu. Mwanafunzi mwenye simu ya kitochi alipokea maswali, akajibu, akaambiwa amepata au amekosa. Sisi wenyewe tunajua nguvu ya ujumbe mfupi: finalisti wangapi wamejua matokeo ya Exetat kwa kutuma namba yao ya mtihani kwa simu?

Tusione haya kwa kutumia vitu vidogo. Hata Marekani, katika nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kule, kuna maelfu ya nyumba zisizo na umeme. Shule zilipofungwa mwaka 2020, mabasi ya shule yaliwekwa mitambo ya intaneti na kuegeshwa karibu na vijiji, ili wanafunzi wapokee masomo na kutuma kazi zao. Wanafunzi hawakuweza kufika shuleni, basi shule ikawasogelea.

Na sisi tulifanya vile kwa yule dada. Kwa ruhusa ya walimu tulirekodi masomo ya hesabu na biolojia kwa sauti, tukayapitisha kwa Bluetooth, bila mega hata moja. Yeye aliyasikiliza akipanga sambaza. Jioni alikuja kwa jirani mwenye taa, tukafanya mazoezi pamoja. Mwisho wa mwaka akafanya mitihani, akapita. Leo ni finalisti pamoja nasi.

Lakini niseme ukweli. Taa hailipi karo. Tangu 2019 shule ya msingi ni ya bure, sekondari bado tunalipa, na wengi wanaacha kwa sababu hiyo. Tena simu ileile inayofundisha inaiba usingizi. Mimi mwenyewe nimekaa na mpira na muziki mpaka saa sita ya usiku, asubuhi nikasinzia mbele ya mwalimu. Na tusisahau Januari 2025: vita ilipoingia mjini, umeme na intaneti vilikatika. Tulibaki na yale yaliyokuwa ndani ya kadi ya simu na ndani ya daftari.

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

1. Kila darasa liwe na kikundi cha taa: wanaokaa karibu wasome nyumba moja, na wazazi wajulishwe, hasa kwa ajili ya usalama wa wasichana wakati wa kurudi.

2. Kila juma mwanafunzi mmoja arekodi somo gumu, kwa ruhusa ya mwalimu, na kulipitisha kwa wasiokuwepo.

3. Saa ya kusoma, simu ifungwe isipokuwa kwa somo.

Mwenzako akikosa shule siku tatu, usingoje mwalimu aulize. Mtafute, hata kama ni kule chini kwenye mitumbwi, na uende na somo mkononi.

Kiongozi wa wanafunzi, darasa la finalisti